Swali la Sagal

…na si kwamba swali lenyewe ni gumu, wallahi si gumu, Ruqiya ameuliza magumu kuliko hilo tangu asubuhi, nyumba hadi nyumba hapa Galbet, umeshika mimba mara ngapi, ulijifungulia wapi, yupo uliyemzaa hai kisha akafariki, anauliza kidole kikiwa kwenye tableti na uso umekauka, maana ndivyo Guleid, msimamizi wa utafiti, alivyowafunza, mtafiti hajizungumzii, akiulizwa anatabasamu na kusoma swali linalofuata, basi tabasamu, Ruqiya, soma… lakini Sagal bado anamtazama, msichana wa miaka kumi na sita yumo ndani ya arobaini yake, kichanga kwenye titi, moshi wa uunsi, ubani wa Kisomali, umejaa chumba mpaka macho yanawasha, naye ameuliza tu, kwa upole, "Na wewe abaayo, dada yangu, una watoto wangapi?"… Bado, Inshallah, ndilo jibu lake siku zote, ulimi umelizoea, amelitoa Liboi, amelitoa hata kwao Bura mbele ya watu wanaojua ukweli, nao wakaitikia Inshallah bila kupepesa jicho… "Kunywa yote, usiniachie hata tone," anasema Rahmo, mama mkwe, akimsogezea Sagal bakuli la supu ya mbuzi, na harufu ya iliki Ruqiya anaijua, kwa sababu yeye naye aliletewa supu kama hiyo, ila ilichelewa, ilikuja baada ya kuzaa, mimba nzima alikuwa akipunguziwa chakula, si kwa ubaya jamani, mama yake alimpenda kupita kiasi, alimwondolea sahani kwa mkono uleule wa kumsuka nywele, inatosha hooyo, mtoto akinenepa humo ndani utapasuliwa hospitalini, na wewe bado msichana, acha azaliwe mdogo, utamlisha akishatoka… akazaliwa mdogo, mdogo mno, kilio chake hakikufika hata mlangoni, akaondoka kabla ya siku ya saba, kabla mbuzi hajachinjwa na jina kutangazwa, wanawake wakamwambia usilie, huyo ni ndege wa peponi, na tangu siku ile hakuna aliyemtaja, utamtajaje asiye na jina, ah, lakini jina alikuwa nalo, Ruqiya alimnong'oneza sikioni wengine walipotoka kuswali, Lul, lulu yangu, hakumwambia mtu… angekuwa anasoma sasa, angekuwa anakimbia kusukwa nywele, ee Mola, anamtamani, anamtamani mpaka viganja vinamuuma, kumshika tu, kumpangusa pua tu… "Hooyo, hooyo," Sagal anakibembeleza kichanga, kama mama wote wa hapa wanavyowaita watoto wao kwa jina lao wenyewe la umama, na Ruqiya anakumbuka kwamba hakuwahi kumwita Lul hivyo hata mara moja, aliona haya, chumba kilijaa wakubwa… na Guleid huyohuyo, si ndiye aliyesema, hata aliyepumua mara moja muingizeni, huyo ni mtoto, msimruke, na kweli Ruqiya hakumruka hata mmoja, wanawake wa Galbet wamempa marehemu wao wote, wenye majina na wasio na majina, naye amewapokea, ahsante mama, pole mama, wa kila mtu ameingia, wa kila mtu, isipokuwa… tableti imezima kioo chake yenyewe, supu bado inatoa moshi, Sagal bado anangoja.

"Mmoja," anasema Ruqiya. "Msichana. Anaitwa Lul."

"Mashallah! Ameshakuwa mkubwa?"

"Hapana, hooyo. Mdogo," anasema. "Mdogo sana."