Mkono wa Bi Somoe Wamaliza Mdako

Usiku wa kuamkia leo niliota mkono wa kulia wa bibi yangu umetoka kitandani bila kuaga.

Bibi yangu, Bi Somoe, ndiye aliyekuwa bingwa wa mdako mtaani kwetu Lindi. Anachimba kishimo, anajaza vijiwe, anarusha kimoja juu, na kabla hakijashuka keshavikomba vyote nje na kukidaka kile. Tangu msimu wa korosho uliopita amepooza upande wa kulia. Hospitali walitupa mpira mdogo wa kubana. Kila asubuhi namwekea kiganjani, kila asubuhi unadondoka. Kula kwa kushoto hataki katakata, kwa hiyo namlisha kwa kijiko, machozi yakimtoka, na mimi yananitoka nikiosha vyombo.

Basi mkono unatembea kwa vidole vyake vitano, unapita sebuleni, unatoka uani. Naufuata nyuma kwa adabu, maana ni mkono wa mtu mzima. Unakaa kando ya kishimo cha mdako ambacho jana hakikuwepo.

Kishimo kikaniambia nivue kandambili. Nikavua.

"Kijiwe kiko juu tangu bibi yako ana miaka tisa," kikasema. "Aliitwa jikoni katikati ya mchezo, hakurudi."

Nikatazama juu. Kweli, kijiwe cheupe kiko usawa wa kilele cha mnazi, kimechoka.

Nikauliza mbona mkono umefanya kazi miaka yote hiyo. Kishimo kikajibu kwamba aliazimwa tu, alee watoto na kupika. Sasa kijiwe kimeanza kushuka na mkono unahitajika. Kikidakwa, mkono unarudi kwa mwenyewe. Kikigusa chini, unabaki shimoni na vijiwe vingine, na Bi Somoe atalishwa mpaka mwisho wa maisha yake.

Nikakinga viganja vyangu. Kijiwe kikaniuliza kutoka huko juu kama mimi ndiye niliyekirusha. Nikasema hapana. Kikaniomba nikae pembeni.

Mara ua umekuwa uwanja wa mpira, na ukoo mzima wa neno Kudaka umekaa jukwaani. Jirani yao Kukamata, jitu la mabega mapana, anajitolea kuleta ngazi akichukue kijiwe. Kishimo kinamweleza kwa upole kwamba kazi yake ni vitu vilivyotulia au vinavyokimbia chini, na hiki kiko hewani.

"Na sheria ya mdako ni..." kinaanza kishimo.

"Kudaka kabla hakijagusa chini," anamalizia Bi Kudakia, ambaye tangu azaliwe hajamwacha mtu afike mwisho wa sentensi. Daku naye amekuja na sinia la wali wa usiku wa Ramadhani. Anaulizwa undugu wake, anakiri hana, amefuata jina tu. Anapewa kiti.

Kijiwe kinashuka. Kimefika usawa wa paa. Mkono umelala chali, umelegea vilevile ninavyouona kila asubuhi. Kimefika usawa wa dirisha.

"Bibi," nasema, "daka."

Mkono ukaamka. Lakini haukukimbilia kijiwe, jamani. Uliingia kwanza shimoni, ukavikomba vijiwe vyote nje, ukavipanga, ukajikung'uta mchanga kidole kimoja kimoja. Mimi huku nimejiziba macho, nachungulia. Kijiwe kilipobakiza upana wa unyoya kugusa ardhi, mkono ukageuka na kukipokea. Pap. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile tangu nizaliwe. Kukamata alivua kofia. Bi Kudakia alikosa la kudakia. Nikawaambia wote jukwaani, aliyeniuliza na asiyeniuliza, kwamba huyo ni bibi yangu mzaa mama.

Nikaamka kumekucha. Nikapika uji, nikachukua mpira, nikaenda chumbani kwa bibi kama kawaida. Alikuwa amelala. Nilipotaka kumwekea mpira, haukuingia. Ngumi ilikuwa imefungwa, ile ambayo tangu korosho haijafungwa hata mara moja.

Nikajaribu kuvikunjua vidole. Vikanigomea. Nikatumia mikono yote miwili ndipo vikaachia, na ndani mlikuwa na kijiwe cheupe chenye mchanga, kina joto. Nikakitoa. Nikasimama nacho, uji ukipoa, sijui nicheke au nilie.

Bibi akafumbua jicho moja. Mkono wa kulia ukainuka polepole juu ya shuka, unatetemeka, kiganja wazi.

"Rudisha, mke mwenzangu," akasema. "Sijamaliza zamu yangu."