Udongo wa Nyayo za Kavata

Kavata alimwona kwa macho yake mawili, asije mtu akamwambia alikuwa anaota. Alipoinua mguu kupanda ile ndege ndogo pale uwanja wa Mutomo, mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma aliinama nyuma yake, akachota udongo palepale alipokuwa amekanyaga, akaufunga kwenye kitambaa na kuutia mfukoni.

Ukambani hakuna asiyejua udongo wa nyayo unachotwa kwa kazi gani ya uchawi. Kavata alikuwa mwimbaji wa kwaya, mwanamke wa Biblia, lakini moyo ulimlipuka paa. Alikuwa amempakata Mulei, mtoto wa miaka minne, aliyemwagikiwa na sufuria ya uji jana yake. Daktari alisema huyu ni wa Nairobi, tena leo. Nesi naye akamkanya: mpe maji, funda kwa funda, njia nzima, usiache.

Mzee aliitwa Idi Nzuki, fundi wa pampu kutoka Kitui mjini, aliyepewa kiti kilichobaki. Mkamba mwenzake, na bado!

"Bwana Wahome," akamuuliza rubani walipokwisha kupaa, "kaskazini ni wapi?"

Wahome akanyoosha mkono kulia. Kulia ndiko alikokaa Kavata.

Mtu mzima anatafuta kaskazini ya nini? Mzee akageuka akamwelekea yeye na mtoto, akafungua kitambaa, akapiga viganja kwenye ule udongo, akajipaka uso na mikono. Midomo ikaanza kucheza. Kichwa kikainama kuelekea bandeji za Mulei, kikainuka, kikainama tena. Waislamu wa Kitui Kavata aliwajua. Kabla ya sala hunawa kwa maji, miguu na vyote. Na huyu ana chupa imejaa maji pembeni! Yesu wangu, akasema moyoni, huyu ananimalizia mtoto mchana kweupe. Kichwa kilipoinama tena, akakwapua kitambaa na kukifunga kwenye pindo la leso.

Mulei akafumbua macho. "Mama, maji."

Kavata akapekua kikapu, akapekua tena. Chupa yake ya maji haimo. Alikuwa ameisahau kwenye gari la hospitali. Chini ni vilima vya Makueni tu, na midomo ya mtoto imekauka kabisa.

Mzee akamaliza, akageuza uso kulia, kisha kushoto. Akamnyooshea chupa yake. "Mpe, mama."

"Sitaki!"

"Mbona?"

"Una maji tele, unanawa vumbi. Tena vumbi la nyayo zangu! Mimi si mtoto, baba."

Mzee akamkodolea macho. "Nyayo zako? Uwanja mzima ule ni mavi ya mbuzi, mama. Uliposimama wewe ndipo palikuwa safi." Akashusha sauti. "Niliona chupa yako ikienda na gari. Nilipiga kelele, dereva hakusikia. Sasa nikitawadha kwa maji haya, kijana atakunywa nini? Maji yakiwa ya mgonjwa, sisi tunaruhusiwa udongo. Na kaskazini nilitafuta kibla, si wewe."

Kavata hakuamini. Maneno matamu nani hana? Mzee akapiga funda moja yeye mwenyewe, na Kavata akalitazama koo lake mpaka likatulia.

"Mama, maji," Mulei akalia.

Akampa. Funda kwa funda mtoto akanywa, macho yakarudi na uhai, na walipokuwa wanashuka Nairobi chupa ilikuwa tupu.

Jua lilizama wakingoja gari la wagonjwa. Sala ya magharibi imefika, na kila upande ni lami. Mzee akapapasa mfuko huu, akapapasa ule. Aibu ikamchoma Kavata mpaka masikioni. Akafungua pindo la leso.

"Kumbe!" mzee akasema. "Ulikuwa unaupeleka wapi?"

"Kwa pasta, akaukemee."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Kisha akachuchumaa, akatandaza kitambaa juu ya lami. Upepo ukaanza kuudokoa ule udongo. Kavata akamweka mtoto vizuri begani, akasimama upande unakotoka upepo, akamkingia mzee kwa leso hadi alipomaliza kujipaka.