Makaron ya Sita

Jumamosi ya kabla ya Pasaka, Sekela alikuwa jikoni kwao Kimara, feni ya mezani ikipuliza trei mbili za makaron mbichi. Makaron ni vile vibiskuti vya mviringo vya ute wa yai na sukari, viwili viwili vikibandikwa kwa krimu. Alijifunza kwenye simu, na kwa kuwa lozi bei yake haishikiki, alisaga korosho. Joto la Dar halina huruma na ute wa yai, kwa hiyo feni ilikuwa lazima. Alikuwa ameminya duara sitini, na alijua zitatoka kumi na mbili, yaani makaron sita.

Oveni ile ndogo alipewa zawadi kwenye kicheni pati, wanawake walipomfunda kabla ya harusi, na tangu siku ya kwanza ilikuwa na utaratibu wake. Uweke duara sitini au mia, ilitoa kwa idadi ya wanafamilia, na kila mmoja na rangi yake na ladha yake. Zilizozidi hazikuungua, hazikuwepo tu. Fundi wa Manzese aliifungua, akapima waya zote, akasema oveni ni nzima na inawajua watu wake, akachukua nauli yake akaondoka.

Baba mkwe, Mzee Theonest, mwalimu mstaafu, yake ilitoka na ladha ya kahawa ya Bukoba. Ya mama mkwe, Ma Kokushubila, ilikuwa tangawizi. Ya Adelard, mume wa Sekela, ndimu. Wifi yake Adelina, ambaye hajaolewa na hapendi kuulizwa, pasheni. Shemeji Petro, nazi. Mtu akila isiyo yake alikuta chaki mdomoni. Petro aliwahi kuiba ya dada yake, akaitemea kwenye ua, na tangu hapo kila mtu alikaa na chake.

Krismasi ya kwanza baada ya harusi zilitoka tano. Sekela aligawa, akasimama mlangoni na trei tupu. Mama mkwe alimwambia asijali, hata yeye alipoolewa hakuna aliyemsogezea kiti mpaka alipomzaa Adelard. Alisema kwa upole kabisa, na ndiyo maana iliuma.

Krismasi ya pili ikatoka ya sita, nyekundu ya ubuyu. Sekela alikaa chini jikoni akalia kwa furaha. Mimba hakuwa nayo, lakini alidhani oveni imemhurumia. Alipoing'ata akakuta chaki. Ma Kokushubila alimweleza kwamba mpishi huwa hasikii ladha ya mapishi yake mwenyewe, akaongeza kwamba amshukuru Mungu. Akashukuru. Kwa Krismasi tano alikula ile chaki nyekundu mbele ya watu wote, akaimeza kwa maji, akasema tamu. Wote walimwangalia akila, na wote walijua. Mimi ningekuwa na neno la kuwaambia watu wale, lakini sikualikwa.

Pasaka hiyo, baada ya misa, Adelard alikuja na binti mdogo aliyesukwa vizuri, gauni la njano, viatu vipya. Alimtambulisha kuwa anaitwa Gladness na mwezi wa sita anatimiza miaka mitano. Ukihesabu miezi kurudi nyuma unaangukia kwenye wiki ya harusi. Sekela alihesabu, kwa sababu ni mwalimu wa hesabu na hakuweza kujizuia.

Gladness alisema shikamoo kwa kila mtu kwa zamu, akafika kwenye trei, akachukua nyekundu bila kuuliza. Aliila yote, akalamba vidole.

"Ya ubuyu," alisema. "Ipo nyingine?"

"Ni moja moja, mjukuu wangu," Ma Kokushubila alimjibu, akampakata.

Hakuna aliyegeuka kumtazama Sekela. Mzee Theonest aliuliza kama pilau iko tayari, na pilau ilikuwa tayari.

Jioni Sekela alimfuata Adelard kibarazani akamuuliza swali moja. Hakuuliza mama wa mtoto ni nani, hilo wifi yake alishamwambia jikoni: mwanamke wa Manzese mwenye duka la mitumba, mtu mzuri tu, hana maneno. Alichouliza ni hiki:

"Ya kwangu iko wapi?"

Adelard si mtu wa kukurupuka. Alifikiri kwanza.

"Lakini wewe si ndiye unayezioka," alisema, na alionekana kushangaa kwamba jambo hilo linahitaji kuelezwa.

Wiki iliyofuata Sekela aliifunga oveni kwenye kanga mbili, akakodi bajaji mpaka feri, akavuka nayo Kigamboni kwa kaka yake Brightson, anakoishi na mama yao tangu walipomleta kutoka Tukuyu. Alijisemea kwamba kama huku hayumo, basi yumo kule alikozaliwa. Mtu hawezi kukosekana pote.

Alisaga korosho, akachekecha, akapiga ute, akaminya duara sitini. Mama yake alimsaidia kushika feni. Zilitoka tano. Ya mama ilinukia ndizi mbivu, ya Brightson karanga, ya mke wa Brightson mdalasini, na za watoto wawili maziwa na embe. Sekela alimega kila moja kidogo, moja baada ya nyingine, kama mtu anayejaribu funguo. Chaki, chaki, chaki, chaki, chaki.

Mama yake alimsubiri amalize kunywa maji.

"Sie tulikutoa, mwanangu. Siku ya sendofu, ya kukuaga uende kwa mumeo, tulisimama mbele ya watu mia tatu, mshereheshaji akauliza mara tatu kama tumekukabidhi, na mara zote tatu tukasema ndiyo. Mie mwenyewe nilipiga vigelegele."

"Nilidhani ni sherehe tu, mama."

"Watu wote hudhani hivyo," alisema mama yake, akamfungia samaki wa kukaanga wa kula njiani. Alimpenda binti yake sana, hilo lisitiliwe shaka. Walilala mapema usiku ule, na hakuna aliyemwambia Sekela abaki.

Alirudi Kimara na oveni yake kwa kuwa shule ilikuwa inafunguliwa. Alikuta Gladness amehamia, amepewa chumba ambacho yeye na Adelard walikuwa wamekipaka rangi miaka mitano nyuma kwa ajili ya mtoto. Rangi ilikuwa bado nzuri. Mtoto hakuwa na kosa, na Sekela alimfulia, akamsuka, akamfundisha kuhesabu mpaka mia.

Siku ya kuzaliwa ya Gladness ilipofika, alioka tena. Familia nzima ilikuwa sebuleni, wameshaimba. Alipofungua oveni akahesabu kahawa, tangawizi, ndimu, pasheni, nazi, ubuyu. Pembeni kabisa, kwenye kona ya trei, palikuwa na ya saba. Ilikuwa ndogo kuliko nyingine, saizi ya kifungo cha koti, ya kijani.

Sekela aliitazama muda mrefu mpaka feni ikaipoza. Alimega punje moja, akaiweka ulimini, akafumba macho akisubiri.

Kisha akapanga zote saba kwenye sinia akazipeleka sebuleni.

Ma Kokushubila alihesabu kwa kidole, kama kawaida yake. Alipofika kwenye kile kifungo cha kijani akamgeukia mwanawe.

"Adelard. Huyu ni wa Manzese tena?"

"Hapana, mama. Mwingine. Mwezi wa kumi ndiyo anajifungua."

Mzee Theonest alisema ni jambo la heri. Petro alimpa kaka yake mkono. Ma Kokushubila aliinyanyua ile ndogo kwa uangalifu, akaiweka kwenye kisahani peke yake, akamkabidhi mkwewe.

"Mhifadhie kwenye friji, Sekela. Na uifunike, isinyonye harufu."

Sekela akasema sawa, mama, akaenda kuifunika.