Taifa la Thierry

Mwatumu, mama wa Tanga aliyekuwa akikaanga vitumbua chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya wahamiaji pale Bellevue, alimwaga chooni heroini yote ya Thierry, Mkongo aliyekuwa akiiuza humo humo ndani. Alikuwa amemkuta Gaël, mdogo wake Thierry mwenyewe, kalala sakafuni bafuni, povu linamtoka. Akamgeuza ubavu, akavuta maji mara tatu, akarudi kwenye vitumbua vyake.

Thierry kuona aibu? Thubutu. Jumapili alikwenda kwenye kikao cha Wakongo, kile cha kuzikana, kavaa fulana ya timu ya taifa, akasema Watanzania wameidharau Kongo. Wanaume wazima, na ndevu zao, wakapiga makofi. Kilichomwagwa hakikuulizwa.

Aloys, Mrundi aliyefundisha historia kwao na sasa analinda geti la matajiri kule Sandton, alicheka kwa pua. Akatueleza kwamba Wachina walipoteketeza afyuni ya Waingereza, Waingereza walileta manowari na kusema wanatetea haki ya biashara.

"Muuza sumu hana nchi," alisema, "mpaka sumu yake imwagwe."

Jumanne Wakongo na Watanzania wakapigana mbele ya spaza, kile kiduka cha mtaani. Fundi cherehani wa Kikongo akavunjwa kidole, Mtanzania mmoja akaacha meno mawili pale kwenye robot, taa za barabarani. Thierry? Alibaki ndani, eti analinda mlango.

Kisha wakubwa wa pande zote mbili wakapatana kwa desturi yetu ya hapa: anayeonekana chanzo huwapikia waliogombana, wakala pamoja, yakaisha. Chanzo, wakasema, ni Mwatumu. Tena ahame, chumba achukue Thierry, amani ipatikane. Watanzania wenzake nao wakatikisa vichwa kukubali, walishaahidiwa pilau.

Jumamosi mchana Mwatumu akapika. Mataifa mawili yakanawa mikono, yakakaa mkekani mbele ya nyumba, goti kwa goti. Akatoka na sufuria, nguo zake kazifunga mgongoni.

Mwenyekiti wa Wakongo, Ruphin, akamwambia kwa upole, "Dada, weka hapa katikati."

"Kaka, mmesema nihame," akajibu Mwatumu. "Ndiyo nahama, na vyangu."

Akawaruka miguu, akavuka barabara hadi kwa Capitoline, msusi wa Kirundi, aliyekwisha kumtengea nusu ya chumba chake. Wanawake wa nyumba nzima tulimfuata na watoto wetu, tukala mpaka ukoko. Kupitia dirisha tuliwaona mashujaa wetu bado wamekaa, wanakausha mikono kwenye suruali.