Kikaangio cha Lita Mia

"Lita mia, dada zangu! Gunia zima la viazi linaisha kabla chai haijapoa," alisema Halfani, muuzaji wa mashine, akikipiga-piga ubavuni kikaangio cha gesi dukani kwake kama anayenadi ng'ombe mnadani.

Penina hakucheka. Yeye na mshirika wake Khairat walikuwa wamekaanga kripsi kwa karai kule Nkuhungu kwa miaka minne, mpaka mwezi Machi mafuta yalipomwagikia mkono wa Anyesi, mfanyakazi wao. Siku hiyo Penina aliapa kwamba karai halitawekwa tena motoni. Sasa mwenye maduka matatu pale mjini alitaka pakiti elfu mbili kila wiki, na jibu alilitaka kabla ya saa nane mchana.

"Tuchukue hiki," Khairat alinong'ona. "Kile cha umeme pale pembeni ni kidogo mno. Hatutafika hata nusu."

"Lazima tukijaribu kwanza," Penina alisema.

"Mashine mpya inajaribiwa nini?" Halfani aliuliza. Lakini Penina alikuwa ameshafunua ndoo ya viazi alivyokata asubuhi, vikielea majini.

Halfani akatia mafuta, akawasha, akaweka swichi kwenye nyuzi mia na themanini. "Ikifika hapo, moto unajikata wenyewe."

Mshale wa geji ya joto ukapanda. Ukafika mia na themanini. Moto ukaendelea kunguruma. Mia na tisini.

"Mbona haujikati?" Penina aliuliza.

"Subiri, mama. Mashine hizi zina tabia ya kuchelewa."

Mia mbili na kumi. Moshi mwembamba ukaanza kupaa juu ya mafuta. Khairat alikuwa ameinama ukingoni akichungulia ndani.

"Khairat, toka hapo!"

"Viazi vitayapoza," Halfani alisema haraka, na kabla hajazuiwa akamimina ndoo nzima, viazi na maji yake.

Mafuta yakaumuka kwa kishindo. Penina alimvuta Khairat kwa nguo, wote wawili wakaanguka chali. Mafuta yakafurika, yakashuka ubavuni hadi kwenye moto, na ndimi za moto zikapanda mpaka usawa wa kifua. Halfani akakimbilia bomba, akarudi na ndoo ya maji.

"Usimwage maji! Utatuua!" Penina alipiga kelele.

Halfani akasimama, ndoo mikononi. Penina akatambaa nyuma ya mashine, akaushika mtungi wa gesi, akazungusha koki kuufunga. Ilikuwa ngumu. Akazungusha tena kwa mikono miwili hadi mngurumo ukakatika. Khairat naye alikuwa amenyanyuka. Akasukuma mfuniko wa bati juu ya mafuta, kisha akachota mchanga uliokuwa mlangoni, akaumwaga sakafuni palipokuwa pakiwaka, akarudia na kurudia, mpaka ukabaki moshi tu.

Halfani aliitua ndoo taratibu.

"Kile cha umeme," Penina alisema. "Kiwashe."

Walikijaribu mara tatu, kila mara wakisimama mbali. Mara zote tatu kilijikata kwenye mia na themanini.

Saa saba na nusu Khairat alimpigia mwenye maduka. "Tutakuletea pakiti mia nane kwa wiki. Si zaidi ya hapo."

Alimsikiliza, kisha akashusha simu.

"Amesema maduka mawili atayatafutia mwingine. Sisi tupeleke kwenye duka moja tu."

"Basi ni duka moja," Penina alisema, akainama kukagua waya wa mashine.