Skrubu ya Refraktomita

Kinyozi aliingia duka la vipimo na refraktomita yake ya zamani, kile kifaa cha kupimia sukari, mfukoni, ameifunga kwenye kitambaa cha kufutia mashine za kunyolea. Shemeji yake alimfuata nyuma. Mke wa kinyozi ndiye aliyeshikilia waende wote: "Nenda na kaka yangu. Wewe macho yako hayaoni hata maandishi ya chupa ya dawa."

Wawili hao walikuwa wakitengeneza bia pamoja katika stoo ya uani. Shemeji alisaga kimea na kukichemsha, kinyozi alipima. Alidondosha tone la maji ya kimea kwenye kioo, akachungulia kwenye mwanga, akasoma sukari. Kwa muda mrefu ilikuwa kumi na mbili. Kisha ikashuka hadi tisa, na mara ya pili tisa tena.

Kinyozi hakuwa mtu wa kukurupuka. Aliwaza taratibu, na taratibu mawazo yake yakatua kwenye banda la kuku wa shemeji: huenda kimea kilikuwa kinaishia huko. Siku moja mezani akasema, "Kuku wa shemeji wamenona siku hizi. Sijui wanalishwa nini." Watoto waliangua kicheko. Mpaka leo walikuwa wakimuuliza mjomba wao kama kuku wake hulewa. Shemeji aliweka kijiko chini, akashukuru kwa chakula, akaondoka. Kesho yake kinyozi akatia kufuli kwenye stoo.

Jana alisaga kimea peke yake, akachemsha peke yake, akapima. Tisa.

"Kifaa hiki kimezeeka," alimwambia mkewe, na usiku kucha akaomba iwe uzee tu.

Mama muuzaji, alipoambiwa ni ya kupimia bia, alipanga refraktomita juu ya kaunta. "Hii ya wafuga nyuki. Inaanzia juu mno, bia haitaonekana hata kidogo. Hii ya betri inakuandikia namba yenyewe, ila bei yake imechangamka. Hii ya mkono ndiyo yenu."

"Inafanana na yangu," alisema kinyozi.

"Yako ina tatizo gani?"

"Inasoma chini. Nadhani imezeeka."

"Hebu." Mama akaifuta, akaweka tone la maji safi, akachungulia. Akampa shemeji. "Maji matupu hutakiwa kusoma sifuri. Wewe unaona nini?"

"Mstari umezama chini ya sifuri," alisema shemeji.

"Basi haijazeeka. Kuna mtu kaichezea hii skrubu ndogo. Ndiyo inayoshikilia sifuri."

Kinyozi alitazama vidole vyake. Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, hukaza skrubu za mashine zake zote zisije zikamkata mtu. Na siku moja, akiwa na bisibisi mkononi, aliona na hii imelegea kidogo. Akaikaza. Alijisifu hata, kwamba yeye ni mtu wa kutunza vitu.

"Ni mimi," alisema.

Mama akaizungusha mpaka mstari ukakaa sifuri. Kinyozi akatoa kichupa cha maji ya kimea ya jana, aliyokuja nayo kujaribia kifaa kipya. Shemeji ndiye aliyechungulia. Alikawia.

"Kumi na mbili," alisema.

"Basi hamna haja ya kununua," alisema mama, akirudisha vifaa vyake kabatini.

Nje, kinyozi alitembea akitazama viatu vyake.

"Nikifika nyumbani nitawaambia kuku kesi imefutwa," alisema shemeji.

Kinyozi hakuweza kucheka. "Shemeji, nisamehe. Nilikudhania vibaya."

"Nimekusikia. Lakini hukunisema barabarani. Ulinisema mezani, watoto wanasikia."

"Ni kweli."

"Mimi sina neno. Nakukumbusha tu."

Nyumbani kwa kinyozi walikuta chakula kimeshapakuliwa. Shemeji alisita mlangoni, mguu mmoja nje. Mdogo wa watoto akadakia, "Mjomba, kuku wameamka na hangova?"

"Mmenunua?" aliuliza mke.

Kinyozi hakuketi. Alitoa ufunguo wa stoo mfukoni, akauweka mbele ya kiti ambacho shemeji alikuwa hakikalii tena.

"Hatukununua," alisema. "Acheni kula kidogo. Nyote nisikilizeni, na wewe uliyeuliza habari za kuku sogea hapa karibu."

Shemeji akaingiza mguu wa pili.