Mpishi wa Ngazi ya Mawe

Mpima ardhi alikuwa darini kwa mama yake akitafuta tundu linalovujisha maji, mkono mmoja tochi, mwingine misumari. Tundu hakuliona. Alichokiona ni boksi la viatu lililofungwa kwa uzi, na ndani yake disketi nne na daftari la hesabu la mirabaraba.

"Mdogo wangu!" alipiga kelele. "Nimempata mpishi!"

Chini, dada yake aliyekuwa ameshika ngazi nusura aiachie. Yeye ni mkalimani wa mahakamani, mwanamke wa miaka arobaini na saba anayeheshimika na mahakimu, lakini aliposikia neno "mpishi" alirukaruka kama mtoto aliyeahidiwa peremende.

Zamani, wakiwa shule, baba yao alikuwa karani wa ghala. Ofisi ilipotaka kuitupa kompyuta yake kuukuu, akaiomba, akaibeba mpaka nyumbani kwa mkokoteni. Ilikuwa na kioo cheusi, maandishi ya kijani, na mchezo mmoja tu, uliokuja na disketi nne. Haukuwa na picha hata moja. Kwenye kioo unasoma: uko mbele ya ngome, lango limefungwa, unafanya nini? Nawe unaandika, kwa Kiingereza, unachotaka kufanya. Chukua taa. Fungua lango. Nenda kaskazini. Ukikosea, mchezo unakujibu kwa ukavu: "Sielewi."

Kaka alichora ramani kwenye daftari la hesabu. Dada alishika kamusi, maana Kiingereza chao wakati ule kilikuwa cha kuungaunga. Alijua kusema "daraja la kuinua" kabla hajajua kuuliza njia ya kwenda posta. Walipita lango, wakashuka kisimani, wakawahadaa mbwa wawili, mpaka wakafika kwenye ngazi ya mawe. Hapo alisimama mpishi na upawa wake. "Mpishi hakuruhusu upite."

Likizo mbili nzima walipambana naye. Walimpiga, akawapiga upawa wakajikuta nje ya lango. Walimpa samaki, akasema samaki amechina, ananuka. Walimwimbia, walimlilia, walijifanya wamekufa. Wapi! Kisha siku moja kompyuta ikatoa moshi, baba akachomoa waya, akasema, "Basi. Mpishi kashinda." Baba alishafariki, na watoto wakawa watu wazima wanaoonana kwenye harusi na misiba. Tundu la dari ndilo lililowakutanisha Jumamosi ile.

Jumatatu mkalimani alizipeleka disketi kwa fundi wa kompyuta aliye karibu na mahakama. Fundi aliigeuzageuza moja kama mtu anayekagua mkate uliolala.

"Dada, mashine ya kusoma hizi sina, na sijui nani anayo. Lakini mchezo wenyewe unaitwaje?"

Alipotajiwa jina, akaandika, akabofya mara mbili, akamgeuzia kioo. Maandishi yaleyale ya kijani. Wapenzi wa michezo ya kale walikuwa wameuweka mtandaoni, uchezwe na yeyote, bure. Mkalimani alisoma mstari wa kwanza, "Uko mbele ya ngome," akajikuta anafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Fundi akajifanya anatafuta bisibisi.

Jumamosi iliyofuata walikaa sebuleni kwa mama yao, kompyuta ya mkononi juu ya meza ya chai. Mama, ambaye ana miaka themanini na masikio ya paka, alikuwa pembeni anachambua mchele kwenye ungo. Kaka alifungua daftari. Penseli ilikuwa imefifia, lakini ramani ilikuwa sahihi hata akajisifu: "Ona! Nilikuwa mpima ardhi kabla sijalipwa." Kaskazini, kaskazini, mashariki, shuka kisimani. Kwa robo saa walikuwa mbele ya mpishi.

"Sasa tuna akili za watu wazima," alisema kaka. "Mshitaki."

Dada akaandika. "Sielewi," mchezo ukajibu.

"Pima ngazi."

"Sielewi."

"Mwambie bosi wake anamwita."

"Sielewi."

Walicheka mpaka mbavu zikauma. Wakajaribu kumpa samaki tena, wakaambiwa tena amechina.

"Huyo mpishi bado yupo?" mama aliuliza, macho kwenye mchele.

"Bado, Mama."

"Na nyinyi bado hamjamsalimia?"

Kaka alimtazama dada, dada akamtazama kaka.

"Mnaingia jikoni kwa mtu," mama aliendelea, "hodi hampigi, hali hammuulizi, mnamtupia samaki aliyechina usoni. Hata mimi ningewapiga upawa."

"Mama! Kwa nini hukutuambia wakati ule?"

"Niliwaambia nini nyinyi mkasikia? Kila nikikaribia: Mama, huu mchezo huwezi kuuelewa. Nikanyamaza zangu."

Mkalimani akaweka vidole kwenye vitufe, akasita. "Lakini Kiingereza hakina shikamoo."

"Mwambie hujambo. Atajua umelelewa."

Akaandika. Kioo kikatulia kidogo, kisha maneno yakajitokeza: "Mpishi anafuta mikono yake. Anasema: miaka yote hii, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza hali. Pita."

Kaka aliruka, akamkumbatia mama, ungo ukapinduka, mchele ukamwagika sakafu nzima. Mama alifoka, lakini alikuwa anacheka. Waliuokota wote watatu, magotini, huku dada akisoma kwa sauti vyumba ambavyo hawakuwahi kuviona: ukumbi wenye vioo, maktaba yenye popo, baraza inayoelekea msituni. Kaka alifungua ukurasa mpya wa daftari, akachonga penseli.

Tangu siku hiyo mama akawa jemadari. Kiti chake kilisogezwa karibu na meza, na hakuna kilichopitwa bila salamu. Walisalimia popo. Walisalimia mlango. Walisalimia sanamu la marumaru, likanyamaza. "Hilo halina malezi," mama akatoa hukumu, "lipite."

Jumamosi ya tatu walifika juu ya mnara, wakagonga kengele, na watu wote wa ngome wakaamka. Mchezo ukawapongeza: umemaliza, umepata alama mia mbili kumi na mbili kati ya mia mbili hamsini.

Dada alipiga vigelegele. Kaka alikuwa amekunja uso.

"Thelathini na nane ziko wapi?" aliuliza.

"Kuna vyumba mlivipita mbiombio," mama alisema, akivaa miwani yake. "Anzeni upya. Na safari hii, taratibu."